Kibao Kisichokunjika

Shangazi yangu uliyelala Nyamirambo,

Nakuandikia barua hii na sitaitia katika bahasha. Hukupenda maneno ya kunong'ona. Ulikuwa ukisema kwamba mtu anayenong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe ameshaanza kuhama. Kwa hiyo naiandika wazi, aisome atakaye, na kama konseye, kiongozi wa sekta yetu, atapenda kuisoma naye, nitamvutia kiti. Jumamosi hii tunamwoza Zuhura, binti wa kaka yangu Ramadhani, na kibao chako cha kukunia nazi bado kiko ofisini kwa konseye, nyuma ya mlango, kimeegemea ukuta. Huu ni mwaka wa pili. Nimeambiwa kwamba naweza kukichukua wakati wowote iwapo nitajibu swali moja. Swali lenyewe ni jepesi, jibu lake ninalo, na tena ni jibu lenye manufaa kwetu. Nimekataa kulijibu. Nataka nikueleze sababu kwa utaratibu uleule uliozoea kunidai: "Anzia mwanzo, Profesa, usinirukishe mitaro."

Nianzie kabatini basi. Sebuleni kwetu Biryogo, hapa Kigali, palikuwa na kabati la vioo ambalo ufunguo wake aliuweka Baba mfukoni. Ndani yake mlikuwa na kofia ya viua ya Mzee Salumu, babu yako mfanyabiashara, mlikuwa na fimbo yake yenye ncha ya shaba, na mlikuwa na birika ambalo tangu nizaliwe sikuwahi kuliona likimimina kahawa. Mgeni wa heshima alipokuja, Baba alifungua kabati, akatoa kimoja kimoja, akasema, "Hivi vyote vilitoka Bagamoyo." Mgeni alitikisa kichwa, vitu vikarudishwa, kabati likafungwa. Sisi watoto tulikatazwa hata kupumua karibu na kioo.

Vitu vyako havikuwa na kabati. Kibao, kifumbu cha kuchujia tui, chungu chenye masizi ya nje yasiyotoka tena, na kile chombo cha mti cha maziwa ulichopewa na upande wa mama yako. Vyote vilikaa jikoni, vikashikwa kila siku kwa mikono yenye majivu. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba urithi wetu ni ule wa kabatini na kwamba vya jikoni ni vyombo tu. Nimefundisha historia kwa miaka mingi sasa, na ningelifanyia masahihisho wazo hilo kwa wino mwekundu. Hakuna siku hata moja ya maisha yetu iliyobadilishwa na ile kofia. Kibao kilibadilisha kila Ijumaa.

Ijumaa ulipika isombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa kama wapikavyo majirani zetu wote wa mlima huu, lakini yako uliyamalizia kwa tui la nazi. Harufu ilivuka ua, ikapita nyumba ya Mama Saidi, ikafika barabarani. Mimi nilikaa juu ya kibao na wewe ulisimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. "Usiitafune nazi, ikwangue. Zungusha mkono, si bega. Ukifika penye rangi ya kahawia, simama hapo. Tui la kahawia ni tui la mvivu." Nikikosea hukunipiga. Ulichukua machicha yangu, ukayatazama, ukasema kwa upole mkubwa, "Haya tutawapa kuku. Nao wana haki ya kucheka." Tena ulikuwa na sharti moja ambalo hukulieleza kamwe: kibao hakirithiwi kwa kifo, hutolewa mtu angali hai, na hutolewa kwa binti wa nyumba siku anapoolewa. Mimi sikuolewa, kwa hiyo sikukipata, na hukunihurumia kwa hilo. Ulisema tu, "Wewe utakuwa wa kukitoa."

Nazi zilitoka Kabuga, ingawa Kabuga haina mnazi hata mmoja. Malori ya Dar es Salaam na Tanga yakitokea mpakani yalipumzika pale kabla ya kuingia mjini, na madereva walikujua. Nakumbuka ulivyoinua nazi moja moja hadi sikioni, ukaitikisa ili usikie maji, na ulivyomtazama yule dereva Mtanga aliyekuwa amekaa kivulini akila muhindi.

"Umeniletea nazi au umeniletea vifuu vya watoto kuchezea?"

"Shangazi, zihurumie. Zimetembea Tanzania nzima."

"Zimetembea? Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti. Zenyewe zililala nyuma na mabati."

Alicheka hadi punje za muhindi zikamtoka, kisha akakuongezea mbili. Ni siku hiyohiyo, tukisubiri gari la kurudi, nilipokuuliza juu ya miguu ya kibao. Nilikuwa nimerejea kutoka Dar es Salaam, nilikokwenda kusoma nyaraka kwa majuma machache, na jikoni kwa wenyeji wangu nilikuwa nimekiona kibao cha pwani kwa mara ya kwanza. Kilikuwa mbao mbili zilizopishana, na mtu akishamaliza kukuna alikikunja kama kitabu, akakitundika ukutani. Chetu hakikunjiki. Chetu kina miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja la umuvumu, mti wa huku kwetu, na kina umbo la kiti cha mzee wa huku milimani, isipokuwa kwamba mbele yake umechomoza ulimi wa chuma wenye meno. Nilikuambia, kwa sauti ya mtu aliyegundua bara, kwamba kibao chetu hakiwezi kuwa kilitoka Bagamoyo.

Ulinitazama kwa muda mrefu. "Umekikalia tangu ukiwa na meno ya utoto," ukasema, "na leo ndipo unaiona miguu yake?"

Kisha ukanisimulia. Bibi yako Mwamini alikuwa binti wa huku, aliyekuwa hajawahi kuiona bahari wala nazi, akaolewa na Mzee Salumu. Nazi za kwanza zilipoletwa na wenzake Mzee, akazipasua, akazitia kinuni, akazitwanga kama isombe. Shemeji zake wakacheka chakula kizima. Hakulia. Siku ya pili akamkalisha mumewe chini, akamuuliza wanawake wa kwao hutumia nini. Mzee Salumu alijua kwamba ni kitu cha kukalia na kwamba kina chuma mbele, ila hakuwa amewahi kuingia jikoni kwa mama yake kwa muda wa kutosha ili aseme zaidi ya hapo. Bibi Mwamini akachukua maneno hayo machache, akayapeleka kwa mchonga viti na kwa mhunzi. Mchonga viti akamchongea kiti, maana ndicho alichokijua. Mhunzi akakata jembe kuukuu, akalitia meno. Shemeji waliporudi na kuuliza mbona kibao hakikunjiki, aliwajibu, "Kwani nakwenda wapi?"

"Kwa hiyo kaka yako na kabati lake," nikasema.

"Muache Baba yako na kabati lake. Mwanamume anahitaji kitu cha kufungulia mgeni."

Na nikamwacha. Nasema haya ili ieleweke kwamba ninajua kibao kilitengenezwa wapi, na nani, na kwa kosa gani. Nina ushahidi wa mti, wa umbo na wa chuma. Ningeweza kuutetea mbele ya baraza lolote la wasomi.

Nije sasa kwenye ule mwezi wa Oktoba, mwaka juzi. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, na mjini watu walikamatwa kwa kushukiwa tu kwamba wana ndugu upande wa pili. Wanajeshi walikuja Biryogo kupekua nyumba kwa nyumba wakitafuta silaha. Kwetu waliingia watatu. Walilifungua kabati la vioo, wakaishika fimbo ya Mzee Salumu yenye ncha inayoweza kumtoboa ng'ombe, wakairudisha mahali pake kwa adabu. Kisha mmoja akaingia jikoni, na tukasikia akiwaita wenzake. Alikuwa amekibinua kibao, na kidole chake kilikuwa kwenye meno ya ule ulimi. Alikuwa kijana wa shambani, na sidhani kama alikuwa amewahi kuiona nazi.

"Hii iko nini?" alikuuliza kwa Kiswahili cha kambini.

"Iko ya kupikia."

"Chakula gani kinapikwa na msumeno?"

"Kaa hapo nikuonyeshe. Sina nazi leo, ila nitakukunia boga."

Wenzake walicheka, naye hakucheka. Akaupimia ule ulimi kwenye mkono wake, akauliza, "Imetoka wapi?"

Ukamjibu, "Imetoka jikoni, nawe ndiye uliyeitoa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Wewe ulikuwa unafunga kanga yako upya, taratibu, kama mtu aliyekatizwa kazi. Walikichukua. Walikwenda kwa Mama Saidi, wakachukua na chake pia, kile kinachokunjika ambacho marehemu mume wake alikuja nacho kutoka Ujiji. Na jioni hiyo wanaume wengi wa mtaa wetu walipelekwa kufungiwa katika uwanja wa mpira, Ramadhani akiwa mmojawao, naye alirudi amekonda na akiwa na mazoea mapya ya kuketi akiutazama mlango. Nayaandika haya kwa ajili ya haki. Kaka yangu ana sababu za kuogopa ambazo mimi sina, na lolote nitakalosema juu yake hapa chini lisomwe pamoja na sentensi hii.

Wanajeshi hawakuwa na haja na vibao. Waliviacha kwa konseye, na konseye akaona amepata kazi. Nilikwenda nawe mara ya kwanza. Vilikuwa nyuma ya mlango wake, chetu kimesimama kwa miguu yake mitatu na cha Mama Saidi kimekunjwa kando yake. Konseye si mtu mkali. Ana sauti ya mtu anayekusaidia. Alikukaribisha, akakuita mama, akasema kwamba yeye binafsi anajua hizi si silaha.

"Basi nipe, mwanangu, nikapike," ulisema.

"Nitakupa, mama. Ila wakubwa wangu wataniuliza. Vitu vya kigeni katika sekta yangu lazima nivijue. Niambie tu hiki ni cha hapa au cha kule. Kikiwa cha hapa, ondoka nacho sasa hivi."

Niligeuka kukutazama. Jibu lilikuwa mdomoni mwako, nilijua, kwa kuwa ulikuwa umenisimulia mwenyewe pale Kabuga. Neno moja tu. Wewe ukakitazama kibao chako, ukakitazama cha Mama Saidi.

"Na hiki kingine?"

"Hicho nimeambiwa ni cha Ujiji. Hicho tutaona."

"Basi nipe vyote viwili, au viache hapohapo vizungumze."

Konseye alitabasamu. "Mama, mimi nimeuliza kimoja."

"Na mimi nimejibu viwili."

Ulirudi tena na tena, siku za Jumatatu ukitoka sokoni, na kila mara ulitoka mikono mitupu na kichwa kikiwa juu. Ijumaa ulikuna nazi kwa kijiko na kisu, ukajikata, ukalaani, ukapika. Tui lilikuwa jepesi. Hakuna aliyethubutu kusema. Kisha ugonjwa wako wa shinikizo la damu ukakuzidi, na masika yalipokuja tukakuzika Nyamirambo, na kibao kikabaki ofisini kwa watu.

Sasa yamenifikia mimi. Zuhura amechumbiwa na kijana wa Kabuga, mtoto wa watu waliorejea kutoka Tanzania zamani, na harusi ni Jumamosi. Mimi ndiye shangazi yake. Mimi ndiye wa kukitoa. Nilikwenda kwa konseye nikiwa nimevaa nguo ninayovaa siku za mitihani. Alinikaribisha, akaniita mwalimu, akanipa pole kwa ajili yako. Kisha akasema kwamba ananiuliza mimi kwa kuwa nimesoma, na kwamba maneno yangu yana uzito.

"Mwalimu, tusaidiane. Cha hapa au cha kule? Sema neno, harusi iendelee."

Nilimwambia kwamba swali hilo halina nafasi katika kazi yake. Aliniambia kwamba siku hizi lina nafasi katika kazi ya kila mtu. Katika hilo, Shangazi, alisema kweli.

Nilipofika nyumbani, Ramadhani alikuwa ananisubiri. Ungemwona. Yeye ambaye tangu aliporithi ufunguo wa Baba amewafungulia wageni kabati na kuwasomea Bagamoyo, sasa alitaka niende nikaape kwamba hatujawahi kuwa na kitu kutoka Bagamoyo. Amekwisha kuiondoa ile kofia kabatini. Sijui ameificha wapi, na sikumuuliza.

"Wewe ndiye msomi," alisema. "Una miguu mitatu, una mti, una jembe. Mweleze yule mtu. Ni kweli tupu. Nakuomba useme kweli, sikuombi useme uongo."

"Najua ni kweli."

"Sasa?"

"Sasa nikisema, cha Mama Saidi kitabaki."

"Cha Mama Saidi si chetu."

"Ndiyo maana."

Akautazama mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kile kibao ni mti. Mimi nina watoto." Nilimwekea chai, akainywa, akaondoka.

Hoja yangu ni hii, na nimeipima kama ninavyopima kazi ya mwanafunzi ninayempenda, yaani bila huruma. Kibao chetu kikitoka ofisini kwa sababu kilichongwa huku, basi cha Mama Saidi kitafungiwa kwa sababu kilichongwa kwingine. Kanuni ni ileile moja, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeitia nguvu kwa kinywa changu. Mama Saidi alizaliwa Biryogo, mtaa huuhuu wetu. Amewaosha maiti wetu na ametuchanjia kuni. Nikikubali kwamba chombo kiulizwe kilikozaliwa kabla ya kuruhusiwa kukaa jikoni, sitakuwa na neno siku mwenye chombo atakapoulizwa. Na anaulizwa tayari. Kila mmoja wetu ana kipande cha kitambulisho mfukoni kinachosema yeye ni nani, kimeandikwa na mtu mwingine. Jibu la kweli linalotolewa kwa swali bovu hulifanya swali lile lionekane zima. Kwa sababu hiyo nalikataa jibu langu mwenyewe, ingawa ni sahihi.

Najua pia kwamba wapo wenzangu ambao, wakisikia habari za mti wa hapa na fikra ya pwani, watataka kusema kwamba kibao hiki ndicho sisi wenyewe. Ninawaomba wasiseme hivyo. Ni kitu cha kukunia nazi. Bibi Mwamini alikitaka kwa kuwa alichekwa mezani, na alitaka Ijumaa inayofuata asichekwe. Nikikifanya kuwa nembo, nami nitakuwa nimekitia kabatini.

Mama Saidi aliyasikia, kwa kuwa ua wetu na wake ni mmoja. Alikuja akiwa na sinia la mchele anaouchambua, akaketi.

"Mwanangu, jibu uchukue chenu," alisema. "Changu kimezeeka, hata bawaba imelegea. Nisiwe mimi wa kumharibia mtoto harusi."

"Hakiharibiki kitu, Mama."

"Ubishi wa shangazi yako umeuvaa kama kanga."

"Umenikaa vizuri?"

"Umekubana kidogo," alisema, akaendelea kuchambua mchele. Baada ya muda akaongeza, bila kuinua uso, "Yeye aliniambia nisimshukuru. Alisema nikimshukuru ataenda kulijibu lile swali siku hiyohiyo."

Sikuwa nikijua kwamba mlizungumza hivyo. Hukuniambia.

Juzi nilikwenda Kabuga, kwenye ile safu ya maseremala iliyo nyuma ya soko. Nilimkuta mmoja aitwaye Gasipari anachonga viti. Nikamwagiza kiti cha umuvumu, miguu mitatu, na mbele yake ulimi wa chuma wenye meno, ambao mhunzi jirani yake angeutengeneza. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama nina ugomvi na mgeni gani.

"Mwalimu, mtu akikaa hapa halafu asahau iko na meno, nitaitwa mahakamani mimi."

"Atakayekaa ni mpwa wangu, na hatasahau."

"Anaolewa?"

"Jumamosi."

"Basi bwana harusi mumwonye."

Alikifanya kwa haraka na hakukifanya vizuri. Mguu mmoja ni mfupi, kikaaji kimeinama kidogo kushoto, na mhunzi ameyafanya meno marefu mno. Yanang'oa nazi vipande badala ya kuikwangua. Nimeyapiga tupa mwenyewe jioni mbili. Nilimkalisha Zuhura ajaribu, akajikata kidole katika nazi ya kwanza, akakitukana kibao kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa cha shuleni. Nilisimama nyuma yake. Nilisikia mdomo wangu ukisema mambo ya mkono na bega, kwa sauti ambayo si yangu. Alipofika penye kahawia hakusimama, na tui likatoka chafu. Tukawapa kuku machicha.

Ramadhani alikuja akakitazama kile kitu kipya, cheupe, kinachonuka utomvu.

"Hiki si kile," alisema.

"Hata kile hakikuwa kile," nikamjibu.

Alinitazama kama anayetaka kukasirika, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu Oktoba ile, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Halafu akasema tukifunge kwa shuka tutakapokipeleka Kabuga, barabarani kuna vizuizi, wasije wakauliza. Nimemwambia hakitafungwa. Tulibishana. Amesema basi atakaa kiti cha mbele, karibu na dereva, ili wakiuliza aulizwe yeye kwanza. Sikulitarajia hilo kutoka kwake, na sikumwambia asante, kwa kuwa nimejifunza kwako ni wakati gani shukrani inaweza kuharibu jambo.

Wakwe wa Zuhura nao watauliza, bila shaka. Mama mkwe atakigeuza na kusema, hiki ni nini, kimetoka wapi, mbona hakikunjiki kama vile tulivyoviona Tanzania. Huyo nitamjibu. Nitamwambia yote: kinu, shemeji waliocheka, jembe kuukuu, Mzee Salumu asiyejua jikoni kwa mama yake mnakaaje. Nitamweleza kwa urefu, kwa kuwa atakuwa anauliza akiwa na sahani mkononi, na hataki kujua ili apate kuamua kama Zuhura aingie au abaki nje.

Konseye namuachia kile cha zamani kwa sasa. Sikukisahau na sikukitoa sadaka. Ni chako, na kipo pale kwa sababu ulikataa kukinunua kwa bei uliyotajiwa. Mimi naendeleza kukataa kwako. Jumatatu, harusi ikishapita, nitakwenda tena ofisini kuomba vyote viwili. Nilimwambia Mama Saidi hivyo leo asubuhi kupitia uani, nikitegemea aniite mbishi. Alitundika nguo yake ya mwisho kambani, akakausha mikono.

"Nipitie," alisema. "Safari hii nitakiomba chako, nawe uombe changu."

Lala salama, Shangazi. Ardhi iliyokufunika haikukuuliza kitu.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
ambaye kuanzia Jumamosi hii naye atakuwa shangazi aliyetoa kibao.
Biryogo, Kigali, 1992